Kitaa cha kamera kiliwaka usiku, na marejesho ya kikoba yakaibiwa

SWALI

Asalaam aleykum, mshauri wetu. Naomba unisikilize hadi mwisho, maana jambo hili limeninyima usingizi wiki ya pili hii na sijamweleza mtu.

Mimi ni fundi cherehani, naishi Makorora, Tanga. Nashona madira, mabuibui na sare za shule. Nyumbani nina laptopu ya mtumba niliyoinunua kwa shilingi 350,000. Mchana naitumia kutafuta mishono na kuandika hesabu zangu. Jioni mwanangu wa kidato cha tatu anaichukua kwa masomo, ila nikishalala najua anacheza mpira humo. Mimi pia ni mweka hazina wa kikoba chetu cha wanawake 24. Daftari lote nimelihamishia Excel: majina, namba za simu, namba za NIDA, hisa za kila mmoja, mkopo aliochukua na rejesho analodaiwa. Daftari la karatasi liliingia maji wakati wa masika, nikaona kwenye kompyuta ndiko kwenye usalama.

Miezi miwili iliyopita laptopu ilianza kuwa nzito. Feni inavuma hata nisipofungua kitu, bando la wiki linakata siku ya tatu. Nikamwita kijana anayetutengenezea mtaani, mtoto wa shoga yangu tuliyesoma naye madrasa. Akaniwekea Word na Excel mpya za bure, akasema lazima kwanza azime antivairasi, maana "itagoma bila sababu". Akaweka na programu ya kumwezesha kuingia kwenye mashine yangu akiwa kwake, ili nikikwama asilazimike kupanda bodaboda. Nywila ya kuingilia akaiweka yeye mwenyewe. Nikamlipa 15,000, nikamwombea dua.

Sasa usiku mmoja, kama saa tano, nilikuwa namalizia shela la bi harusi. Laptopu iko wazi mezani, kioo kinaonyesha hesabu niliyoiacha. Nikaona kitaa kando ya kamera kinawaka, cheupe, kidogo kama punje ya mchele. Nikadhani ni chaji. Kisha mshale ukasogea. Mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye cherehani. Ukatambaa mpaka pembeni mwa kioo, ukasimama. Nikabonyeza kitufe mpaka mashine ikazima, nikaifunika kanga kama tunavyofunika vioo radi zikipiga. Sikulala.

Siku ya pili yake wenzangu sita wakapata ujumbe: "Ile ya marejesho itume kwenye namba hii, laini yangu ina shida. Mweka hazina." Ujumbe wa "ile hela tuma namba hii" tumeuzoea sote, hakuna anayeujali. Lakini huu ulikuja na kiasi. Mmoja aliandikiwa 135,000, mwingine 90,000, na ndicho alichokuwa anadaiwa kila mmoja, bila kupungua hata mia. Hao wawili wakatuma. Jumla 225,000.

Sasa kuna minong'ono kwamba mimi ndiye niliyetoa siri, na wengine wanasema mimi ndiye niliyekula. Mwezi ujao tunavunja kikoba. Nimenyamaza, na laptopu naiwasha kidogo tu ninapotaka kuangalia hesabu. Je, ni huyu kijana? Nikimtaja na siye, nitamtazama vipi mama yake? Laptopu niiuze? Kuna mtu ananiuzia antivairasi kwa 60,000, ninunue? Na binti yangu wa chuo akija likizo hubadilisha nguo chumba hichohicho. Hilo sithubutu hata kumwambia.

Mweka hazina, Makorora

JIBU

Waaleykum salaam, dada yangu. Kabla ya lolote, hiyo "kidogo tu" iache leo. Dakika tano unazoiwasha kuangalia hesabu ni dakika tano anazohitaji pia huyo anayeiingilia kwa mbali. Laptopu ikae imezimwa, na siku utakayoiwasha kwa kazi nitakayokueleza hapa chini, izime raota kwanza, kile kifaa kinachokupa Wi-Fi. Bila intaneti, aliye mbali hawezi kuigusa.

La pili, hukuota. Feni kuvuma peke yake si ushahidi. Wewe ni fundi cherehani, na vumbi la pamba huziba matundu ya feni hata kwenye mashine isiyo na kasoro. Bando kwisha mapema nako kuna sababu mia. Lakini mshale uliotembea ukiwa umeshika kitambaa, kitaa cha kamera, na siku ya pili watu kuandikiwa deni lao kamili, hayo matatu kwa pamoja hayaachi shaka kubwa. Kuna mtu aliingia, akalisoma faili lako.

Wala kuingia huko hakuhitaji bingwa. Mei 2014 polisi wa nchi zaidi ya 15 waliwakamata watu zaidi ya 90 kwa ajili ya programu moja tu ya kijasusi iliyoitwa Blackshades. Ilikuwa ikiuzwa kwa dola 40. Wachunguzi wa Marekani walisema ilikuwa imeshapenyezwa kwenye kompyuta zaidi ya 500,000. Mnunuzi alikaa kwake, akasoma kila herufi aliyobonyeza mwenye mashine, akafungua mafaili yake, akawasha kamera yake. Wengi wa waliokamatwa walikuwa wateja wa kawaida waliolipa hizo dola. Biashara hiyo ilivunjwa, ila programu za namna hiyo zipo mpaka leo, tena nyingine zinatolewa bure.

Sasa kijana. Soma tena barua yako: laptopu ilianza kulemea kabla hajaja. Kwa hiyo yawezekana mgeni wako alishaingia zamani, na ningeanza kumuuliza mwanao, kwa upole, michezo ile ya mpira ameipata wapi. Mchezo unaouzwa ghali ukiupata bure, mara nyingi umevunjwa kufuli na mtu usiyemjua, na aliyeweza kuvunja kufuli anaweza pia kupachika chochote ndani yake. Mtoto anabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo, mchezo unafunguka, naye haoni kibaya. Usimchape. Ukimchapa, mara ijayo atakuficha, na wewe unahitaji akwambie.

Ile Excel ya bure nayo ni hadithi hiyohiyo, tena mbaya zaidi. Hapa nitamlaumu fundi waziwazi. Antivairasi ikikataa kitu, ukaizima ili kitu hicho kipite, umemwambia mlinzi ageuke ukutani mzigo uingie. Huenda mzigo ulikuwa mchele mtupu. Lakini tangu dakika ile hakuna tena anayeweza kukuhakikishia, si yeye wala si mimi.

Mlango wa tatu ni ile programu ya kuingilia kwa mbali. Programu za aina hiyo, kama AnyDesk na TeamViewer, ni halali na zina kazi njema. Tatizo ni ile nywila ya kudumu aliyoiweka, inayomruhusu kuingia hata usipokuwepo kubonyeza "kubali". Kama amezoea kutumia nywila moja kwa wateja wake wote, basi yeyote aliyeipata, awe mwenzake wa dukani au mteja mwingine aliyemwona akiiandika, anaweza kuingia kwako. Kijana anaweza kuwa hana hatia kabisa na bado mlango ukawa ni wake.

Kwa hiyo usimtaje kwa mtu. Kwanza tafuta maandishi. Kama programu yenyewe ni AnyDesk, huwa inaandika kila anayeingia. Washa laptopu raota ikiwa imezimwa, fungua folda yoyote, na kwenye ule mstari wa juu unaoonyesha mahali ulipo andika C:\ProgramData\AnyDesk kisha bonyeza Enter. Humo tafuta faili liitwalo connection_trace. Ni maandishi matupu, mstari mmoja kwa kila aliyeingia: tarehe, saa, na namba ya mashine iliyotumika. Tafuta mistari ya usiku ule wa shela. Piga picha kwa simu, kioo chote, pamoja na saa iliyo pembeni. Usifute wala kubadilisha chochote. Kisha muulize kijana, mbele ya mama yake na kwa heshima, namba ya AnyDesk ya mashine yake ni ipi. Zikilingana, mna la kuzungumza. Zisipolingana, umemwokoa kijana wa watu. Na kama mstari wa usiku ule haupo kabisa, basi huenda aliyeingia hakupitia huko, na macho yarudi kwenye ule mchezo au ile Excel.

Picha hizo, ujumbe waliopokea wale sita, na karatasi au ujumbe wa muamala wa wale wawili waliotuma, vyote pamoja vipelekeni polisi mpewe RB. Kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila ruhusa yake ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, hata asingeiba senti. Namba iliyotumika iripotini pia TCRA kwa ujumbe wa kwenda 15040, na waliotuma wapige simu kwa mtandao wao wa pesa leo, wasingoje kesho. Na kwa kuwa namba za NIDA zenu nyote 24 zilikuwa kwenye faili lile, kila mwanachama abonyeze *106# aone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Akikuta asiyoijua, aende kwenye ofisi ya mtandao husika akaikane.

Hapo nimefika kwenye jambo ambalo naona unalikimbia. Uwaambie wenzako. Ndiyo, kabla ya polisi, kabla ya kutengeneza mashine. Najua inavyouma, mweka hazina anaishi kwa jina lake, na jina likichafuka Makorora, mpaka ukifika sokoni Ngamiani wameshakutangulia nalo. Lakini angalia hesabu: wanne kati ya wale sita bado hawajatuma, na wengine 17, ukijitoa wewe, huenda zamu yao haijafika. Mwizi analo faili zima. Anajua nani anadaiwa nini, na kama tarehe ya kuvunja kikoba mmeiandika humo, hiyo nayo anaijua. Kila siku unayonyamaza anaitumia yeye.

Itisha kikao, uso kwa uso, usiandike kwenye kundi la WhatsApp. Sema hivi: kompyuta yangu iliingiliwa, faili letu limesomwa, majina na namba zetu ziko mikononi mwa mtu mbaya, mimi sikutuma ujumbe wowote, na kuanzia leo rejesho linakwenda kwenye namba ileile moja mnayoijua. Ikitokea namba inabadilika, itabadilika kikaoni tu, mbele ya macho yenu. Hata mkisikia sauti yangu kwenye simu, msikubali. Kanuni hiyo moja, mkiiandika kwenye katiba ya kikoba, itawalinda kuliko programu yoyote nitakayokutajia hapa. Kuhusu zile 225,000, kama zinafidiwa na mfuko wa jamii au na nani, hilo ni lenu. Nisingetaka ulibebe peke yako kwa sababu ya aibu.

Sasa nywila. Usibadilishe hata moja ukitumia laptopu ile, maana huenda kila herufi unayoandika inasomwa. Tumia simu yako, au ya binti yako. Anza na imeili kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu ukisahau nywila ya akaunti nyingine, mara nyingi njia ya kuweka mpya inapitia imeili. Mwenye imeili yako ana ufunguo wa vingine vyote. Weka nywila ndefu, maneno manne au matano yasiyohusiana, mathalani vitu vinne vilivyo mezani kwako ukitaja na rangi ya kimoja. Iandike kwenye daftari uliweke kabatini. Wataalamu wengine watakukemea kwa hilo, mimi sikukemei: mwizi aliye mtandaoni hafiki kwenye kabati lako, na nywila nzuri uliyoiandika ni bora kuliko jina la mwanao unalolikumbuka. Kisha washa uthibitishaji wa hatua mbili, ili anayejua nywila peke yake asiweze kuingia.

Wengi huishia hapo wakadhani wamemaliza. Kama unatumia Gmail, ingia kwenye mipangilio ya akaunti, tazama orodha ya vifaa vilivyofunguliwa kwa akaunti yako na ondoa kila usichokitambua, pamoja na laptopu yenyewe. Kisha fungua Gmail kwenye kivinjari, katika mwonekano wa kompyuta, si ule wa simu, uangalie sehemu ya kusambaza barua na vichujio. Mjanja akiingia huweka humo agizo la siri kwamba kila barua ikufikie wewe na nakala imfikie yeye. Ukibadilisha nywila mara 10, nakala zinaendelea kwenda. Ukikuta anwani usiyoijua, ipige picha kisha ifute.

Halafu WhatsApp. Umewahi kuifungua kwenye laptopu kwa kuielekezea simu kile kimraba cha alama nyeusi na nyeupe? Basi fungua WhatsApp kwenye simu, nenda kwenye vifaa vilivyounganishwa, toa vyote. Huenda mazungumzo ya kikoba aliyasoma huko.

Mashine usiiuze. Ukiiuza ilivyo utakuwa umemuuzia mwenzio janga, na mafaili yenu yakiwa ndani. Antivairasi ya 60,000 usinunue. Windows ina kinga yake ya ndani, bure, na kwa matumizi ya nyumbani inatosha ikiwa imewashwa. Lakini nisikudanganye: kwa hapa ulipofika, kuiamuru itafute virusi halafu ikaandika "hakuna tatizo" mimi nisingeiamini. Mtu aliyekuwa na mamlaka yote ndani ya mashine anaweza kuwa aliiambia kinga isitazame folda fulani. Dawa ni moja, kupiga windo upya, yaani kuweka Windows mpya, na diski ifutwe yote.

Kabla ya kufuta, hamishia kwenye flashi mafaili yako ya kazi tu: Excel, picha za mishono, barua. Programu yoyote usiibebe, mchezo usiubebe, na kitu usichokijua kiache kifie humo. Kisha tafuta fundi mwingine, na ukae naye mpaka amalize. Mwambie Windows aichukue kwenye tovuti ya Microsoft yenyewe, aiweke kwenye flashi tupu ya GB 8. Ile flashi yake ya siku zote, aliyoipitisha kwenye mashine za mji mzima, airudishe mfukoni. Akikwambia kuichukua kwa Microsoft kunalipiwa, si kweli. Kuipakua ni bure, na laptopu iliyotoka kiwandani na Windows kwa kawaida huitambua leseni yake yenyewe. Itakugharimu bando la GB kadhaa. Lipa.

Hapa kuna kikwazo, na usikubali kupitishwa juu juu. Microsoft iliacha kutoa apdeti za kawaida za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai mashine yenye kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa upande wa Intel kwa jumla inataka prosesa kuanzia kizazi cha 8. Laptopu nyingi za mtumba za bei yako hazifiki huko. Kama yako haifiki, mwambie fundi akuwekee Linux Mint au Ubuntu. Ni mifumo ya kuendesha kompyuta badala ya Windows, ya bure, halali, inayopata apdeti, na mashine ya zamani huifaa. Utazoea kwa wiki moja. Ama kuhusu Excel, weka LibreOffice, nayo ni bure na halali, inafungua mafaili yako ya Excel, inajumlisha, inatoa asilimia, inachora jedwali. Kwa hesabu za hisa na marejesho ya watu 24 hutakosa kitu, na hakuna atakayekwambia uzime kinga ili iingie.

Kwa nini nang'ang'ania apdeti, wakati wewe unaziona zinakula bando? Machi 2017 Microsoft ilitoa apdeti ya kuziba tundu moja la Windows. Miezi miwili baadaye, tarehe 12 Mei, kirusi kiitwacho WannaCry kilipita tundu hilohilo, kikafunga mafaili ya kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 na kudai fidia. Uingereza hospitali ziliahirisha upasuaji. Tiba ilikuwa imeshatoka, watu walikuwa hawajaiweka. Kwa hiyo laptopu ikiomba kuapdeti usiku, iache iapdeti.

Mashine ikiwa mpya, fungua akaunti mbili. Moja ya msimamizi, yenye nywila unayoijua wewe peke yako, usiitumie kwa kazi za kila siku. Nyingine ya kawaida, ya kwako na ya mwanao. Akitaka kuweka programu, mashine itadai nywila ya msimamizi, na itabidi aje akuulize. Hicho kizuizi kidogo ndicho ulichokikosa. Programu ya kuingilia kwa mbali usiiache tena humo. Fundi akihitaji kuingia, muiweke siku hiyo, ukae umetazama kioo, akimaliza iondolewe.

Raota geuza chini, utaona karatasi yenye jina na nywila ya kiwandani; nywila zote mbili zibadilishe, ya Wi-Fi na ya kuingilia kwenye mipangilio yake, maana hii ya pili kwa raota nyingi ni neno admin tu. Flashi ikitoka steshenari, ipitishe kwanza kwenye antivairasi; ukiona mafaili yako yamegeuka vialama vyenye mshale mdogo, usibonyeze hata kimoja.

Na lile faili la kikoba, liwekee nywila lenyewe, na uwe na nakala kwenye flashi inayokaa kabatini, si kwenye mashine. Namba za NIDA zitoe. Jiulize zilikuwa zinakusaidia nini humo kila wiki. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, anayekusanya taarifa za watu anatakiwa kuchukua zile tu anazozihitaji, na hata kama sheria isingekuwepo, kitu kisichokuwemo hakiibiwi. Ziandikeni kwenye karatasi moja, zikae kwenye sanduku la kikoba lenye kufuli tatu, mnavyoweka fedha.

Nimeiacha ya binti mwisho kwa sababu naijua ndiyo iliyokukaa kooni. Kanga uliyoifunika ilikuwa fikra nzuri, ila kipande cha plasta juu ya kamera kinatosha, na kibaki hapo hata baada ya kupiga windo. Mwaka 2016 Mark Zuckerberg, mkuu wa Facebook, alipopigwa picha ofisini kwake, laptopu iliyokuwa nyuma yake ilikuwa na utepe kwenye kamera. Kama yeye haoni aibu, nawe usione. Plasta haizibi maikrofoni, kwa hiyo mashine isipotumika ifungwe na izimwe, na isilale chumba cha kubadilishia nguo.

Lakini binti mwenyewe lazima ajue, na ajue kutoka kwako. Huenda hakuna picha yoyote iliyochukuliwa. Mwizi huyu ameonyesha kwamba alitaka marejesho. Ikiwa ipo, siku moja mtu asiyemjua atamwandikia akidai pesa la sivyo atairusha. Msichana asiyejua lolote hulipa kwa siri, kisha hulipa tena, na wapo duniani waliofika mahali pa kujidhuru kwa kuogopa mama zao wasijue. Akiwa anajua, atakuletea simu siku hiyohiyo: hatalipa, hatajibu, hatafuta ujumbe, mtakwenda pamoja polisi na ile RB. Mwambie kilichotokea, mwambie kwamba kosa si lake wala hajafanya jambo la kuonea haya, na kwamba likija lolote aje kwako kwanza hata kama ni usiku wa manane. Kama yuko chuoni mpigie simu leo jioni, kabla ya kikao.